Uzi: Ukienda Tarangire kiangazi acha kukimbizana na simba, kaa mtoni

Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu. Kila ikikaribia mwezi wa sita naona watu wanaulizia kwenda mbugani, na majibu mengi yanaishia kwenye bei na hoteli, hakuna anayemwambia mtu akishavuka geti afanyeje. Mi naomba niongelee Tarangire peke yake maana ndo hifadhi ninayoijua na naipenda kweli kweli, na nina jambo moja tu nataka niwashawishi: ukienda kiangazi usiwakimbize wanyama, tafuta sehemu nzuri pale mtoni, zima gari, tulia, watakuja wenyewe.

Najua wengine mtasema huyu anataka tulipe hela tukakae kama tupo kijiweni. Subirini nieleze kwanza.

Tarangire ipo mkoa wa Manyara, ni hifadhi ya taifa tangu 1970, ukubwa wake kama kilometa za mraba 2,850. Ukitokea Arusha unashika barabara ya kwenda Babati, unapita Makuyuni, ukifika Kwakuchinja unaacha lami unaingia kushoto kilometa chache unalikuta geti. Sasa kitu ambacho watu hawaambiwi ni kwamba hii hifadhi haina wanyama wale wale mwaka mzima. Mvua zikianza, kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi, nyumbu na pundamilia wengi wanatoka nje kabisa ya mipaka, wengi wao wanaenda tambarare za Simanjiro upande wa mashariki, na hawaendi kutembea tu, nyasi za kule zina madini ambayo nyasi za hifadhini hazina ya kutosha, hasa fosforasi, na jike anayenyonyesha anaihitaji sana. Ndama wa nyumbu wanazaliwa kule kule. Tembo nao wengi wanatawanyika. Kwahiyo mtu anayekwenda mwezi wa tatu akarudi analalamika kwamba Tarangire hamna kitu hajadanganya, wenye nyumba walikuwa wamesafiri.

Alafu mvua zikikata, madimbwi ya huko nje yanakauka moja baada ya jingine, maji ya uhakika yanabaki kwenye Mto Tarangire na vinamasi kama Silale. Hapo ndo wote wanarudi. Kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi unaona misafara inashuka mtoni mchana kweupe, vumbi jekundu nyuma yao, tembo, nyati, pundamilia, nyumbu, pofu, wote wana shida moja. Sasa kama unajua wote lazima waje kunywa, unawafukuza vichakani ili iweje?

Ngoja niwaambie kitu kimoja ambacho kwangu peke yake kinatosha kulipia safari. Kiangazi kikikolea kuna sehemu mto unabaki mchanga mtupu juu, maji yapo chini. Anakuja tembo jike mkubwa, anasimama, ananusa mchanga kwa ncha ya mkonga, anasogea hatua mbili, ananusa tena. Akipapata anaanza kupiga mchanga kwa mguu wa mbele kama mtu anaparua kwa jembe, anautupa pembeni kwa mkonga, shimo linaenda chini mpaka mkonga unazama karibu wote. Anatulia. Maji yanachuruzika taratibu yanajaa chini ya shimo, anavuta, anapeleka mdomoni, anasubiri yajae tena. Wengine wamesimama nyuma yake wanangoja zamu na hakuna anayesukumana, ila watoto ndo wanajipenyeza chini ya matumbo ya mama zao. Mtoto mchanga bado hajui kutumia mkonga, kwahiyo anapiga magoti anakunywa kwa mdomo moja kwa moja, na ule mkonga unamning'inia hajui aupeleke wapi. Wakimaliza wakaondoka, lile shimo halibaki peke yake. Wanakuja nyani, wanakuja ngiri, wanakuja ndege. Tembo mmoja amewachimbia kisima wenzake wote.

Haya yote huwezi kuyaona ukiwa unakimbia. Gari inafika, watu wanapiga picha dakika tatu, redio inalia kwamba kuna simba upande wa pili, dereva anageuza, mnaondoka na vumbi lenu. Mnafika kule mnakuta magari kumi yamezunguka mti na simba amelala, maana simba kwa siku analala masaa mengi kuliko yote anayokuwa macho. Mnapiga picha ya mkia. Mnarudi, tembo wameshaondoka. Siku imeisha hivo na hela imeisha hivo.

Karibuni tujadili.

dada_wa_pwani

Asante kwa uzi mkuu, umenifumbua macho kwenye hilo la misimu. Ila mi nina watoto wawili, mkubwa ana miaka tisa, hawajawahi kuona simba na ndo kitu wanaulizia kila siku. Nikikaa mtoni tu wataniua kwa maswali. Simba nitampataje bila kufukuzana?

Mleta uzi

Dada simba naye ananywa maji, na chakula chake kipo hapo hapo mtoni, kwahiyo kiangazi hakai mbali. Cha kufanya asubuhi mapema kabla jua halijawa kali pitisheni gari taratibu kandokando ya mto, muda huo simba bado anatembea au ndo anamalizia kula. Waambie watoto kazi yao ni kuangalia wanyama wengine wanaangalia wapi. Ukiona twiga watatu wanne wamesimama kimya shingo zote zimeelekea upande mmoja na hawali, jua kuna kitu pale. Swala pala wakianza kukoroma kwa nguvu puani, hivo hivo. Tumbili na nyani wakipiga kelele za ghafla juu ya mti, hivo hivo. Watoto wakishajua huo mchezo hawachoki, wanaanza kumwelekeza dereva.

Na waambie waangalie juu pia, Tarangire simba wanapanda miti. Chui hata usiniulize, huyo akitaka kuonekana ataonekana.

Kingine kwa watoto, mchana mkitaka kula kuna sehemu ya mapumziko inaitwa Matete, ipo juu inatazama mto, ni katika sehemu chache unazoruhusiwa kushuka kwenye gari. Mle huku mnaangalia tembo bondeni. Ila chakula kishikeni vizuri, tumbili wa pale ni wezi waliobobea, wanaruka mezani wanaondoka na ndizi ukiwa umeishika. Na msiwape hata kama wanatia huruma, maana tumbili aliyezoea kupewa ndo yule anayekuja kumng'ata mtoto wa mtu mwingine.

mchimba_chumvi

Mkuu mi sikubaliani na wewe kabisa. Watu wengi humu ndani wanakwenda mbugani mara moja kwenye maisha yao, wamejichanga, wamekodi gari, alafu unawaambia wakae sehemu moja? Hifadhi ya kilometa 2,850 wewe unamwonyesha mtu kona moja ya mto. Dereva mzuri anakuzungusha unaona kila kitu, mibuyu, vinamasi, mto, chatu, simba. Nilienda mwaka juzi tulizunguka siku nzima na tuliona karibu kila mnyama.

Mleta uzi

Nakuheshimu mkuu na sijasema mtu aote mizizi. Nimesema akae, yaani akipata sehemu yenye maji na kivuli azime gari angalau nusu saa, alafu asogee sehemu nyingine afanye vile vile. Huyo anayekwenda mara moja kwenye maisha yake ndo hasa namwandikia. Mtu wa hivo akirudi nyumbani na picha mia mbili za migongo hana cha kusimulia zaidi ya majina ya wanyama. Akikaa ataona jike anamwadabisha mtoto wake, ataona pundamilia anafika mpaka ukingoni anaogopa kunywa anarudi, anafika tena anarudi, maana anajua adui anakaa hapo. Hayo ndo ya kusimulia.

Na kilometa 2,850 huwezi kuzimaliza kwa siku hata ufanyeje, magari mengi ya siku moja yanaishia upande wa kaskazini na kufika Silale. Silale nenda, hapo nakuunga mkono kabisa. Ule ukingo wa kinamasi una majani mabichi wakati kote kumekauka, tembo wanaingia wanazama mpaka tumboni wanakula, ndege wa kila aina, na chatu kweli wanapatikana kwenye miti ya pembeni. Ila na pale pia, zima gari.

fundi_baiskeli

Hiyo mibuyu ya Tarangire mbona mingi imetobolewa tobolewa katikati kama imekatwa na shoka? Nimeona kwenye picha nikajiuliza ni watu au.

Mleta uzi

Ni tembo. Mti wa mbuyu ndani yake sio mgumu kama miti mingine, ni nyuzinyuzi laini zinazotunza maji mengi, kiangazi tembo anabandua gamba kwa pembe anatafuna zile nyuzi apate maji na chakula. Mbuyu una uwezo mkubwa wa kuponya kidonda na kurudisha gamba, ndo maana unaona mingine ina makovu yamejikunja kama midomo. Ila wakirudia sana sehemu moja unabaki na pango, na kuna mingine inaanguka kabisa. Ukipita karibu na mbuyu mkubwa mwambie dereva asimame uangalie urefu wa yale makovu, utajua tembo alifika mpaka wapi.

ndorobo_sitaki

Mmesahau jambo kubwa, mbung'o! Nilienda huko nikang'atwa mpaka juu ya jinzi. Wanatoboa nguo wale. Dawa ya kupaka ya mbu haikusaidia kitu.

Mleta uzi

Hao mbung'o, yaani ndorobo, wapo na mtu asidanganywe kwamba hawapo, hasa kwenye maeneo ya vichaka na miti mingi ukiacha mto. Sikiliza, usivae nguo za bluu wala nyeusi. Mitego ya kuwanasia inatengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo kwa sababu ndo zinawavuta, sasa wewe unavaa jinzi la bluu unategemea nini mkuu wangu. Vaa kaki, kijani iliyopauka, rangi ya udongo, na kitambaa kiwe kizito, mikono mirefu. Wanafuata kitu kinachotembea, gari ikiwa mwendo ndo wanaifukuza, kwahiyo mkipita kwenye vichaka vyao pandisheni vioo. Mkifika sehemu ya wazi mtoni wanapungua.

mzee_wa_mtaa_wa_tatu

Vijana mimi nilikuwa nataka kuuliza usalama. Tembo anavyoweza kupindua gari, mkikaa pale mmezima injini mkazungukwa je?

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Swali la maana sana hili na ndo sababu nasema kukaa kuna adabu yake. Kwanza gari iegeshwe mahali ambapo haizibi njia yao ya kushuka mtoni, njia zinaonekana wazi, zimekanyagwa mpaka zimekuwa kama barabara. Pili, usiingie kati ya mama na mtoto. Tatu, iache gari ielekee upande wa kutokea ili dereva akitaka kuondoka asianze kugeuza.

Tembo akikuchoka anakwambia mapema. Anageuka anakutazama uso kwa uso, anatanua masikio, anatikisa kichwa, anapiga vumbi kwa mguu. Hapo anakupa nafasi, mpe heshima yake msogee taratibu. Mara nyingi hata akija mbio masikio yametanuka na kelele nyingi anatisha tu, anasimama. Wa kuogopa zaidi ni yule anayekuja kimya, masikio kayalaza nyuma na mkonga kaukunja. Na dume ukiliona lina majimaji yanatiririka pembeni ya macho kushuka shavuni na mkojo unadondoka miguuni, hilo lipo kwenye kipindi cha kutafuta majike, halitaki utani, hilo mzee wala msilisogelee.

Zaidi ya hapo ni zile sheria za kila siku, usishuke kwenye gari, usitoke barabarani, usipige kelele wala honi, na usitoe mwili juu ya paa wakati wapo karibu. Mkikaa kimya kabisa wanapita pembeni ya gari mpaka unasikia mngurumo wa chini kama wa tumbo, ule ndo wanaongea wenyewe kwa wenyewe.

mkulima_kwakuchinja

Nimesoma huu uzi mpaka hapa nikaona na sisi wa huku tuseme. Nyie mnakuja mchana mnawapiga picha, sisi usiku ndo tunakaa nao. Mahindi yakikomaa hatulali, tunapiga madebe, tunawasha moto, tunamulika tochi, na bado anaingia anamaliza shamba la mwaka mzima kwa usiku mmoja. Kifuta jasho kinachelewa na kikija hakifanani na kilichopotea. Kuna watu wamepoteza ndugu. Sisemi tembo wauawe, hapana, ila msiongee kama hao wanyama wanaishi ndani ya geti tu.

Mleta uzi

Mkulima nashukuru sana umeandika, na pole kwa yaliyowakuta. Hili lilitakiwa liwe kwenye andiko la kwanza kwa sababu kila nilichosifia pale mtoni kinategemea ardhi yenu. Tembo na nyumbu tunaowaona mwezi wa nane, mvua ikinyesha wengine wanapita kwenu. Kwakuchinja ni ushoroba, ndo njia kati ya Tarangire na upande wa Ziwa Manyara, na njia kama hizi zikizibwa na mashamba na nyumba kabisa, hifadhi inabaki kisiwa. Wanyama watakuwa na maji ya kiangazi lakini hawatakuwa na pa kuzalia.

Nitoe mfano kwa wasiojua. Mwaka 1993 kulikuwa na ukame mkali, watafiti waliokuwa wanafuatilia tembo wa Tarangire waliona kwamba koo zilizotoka hifadhini kwenda kutafuta malisho nje zilipoteza watoto wachache kuliko ukoo uliobaki ndani. Na mama wenye umri mdogo walipoteza watoto zaidi kuliko mama wenye umri mkubwa. Maelezo waliyotoa ni kwamba wale majike wazee huenda walikumbuka ukame wa zamani na wapi maji yalipatikana. Sasa fikiria njia ya huyo bibi ingekuwa imefungwa, na miaka ya sabini na themanini majangili walikuwa wanaua hao hao wakubwa kwanza kwa sababu ya pembe. Ukiua bibi unaua na ramani yake.

Kuna kijiji cha Terrat kule Simanjiro, Wamasai wa pale waliingia makubaliano na kampuni za utalii, wanalipwa kila mwaka ili sehemu ya ardhi yao isilimwe, ng'ombe wanachunga na nyumbu wanazalia hapo hapo. Naona huo ni mfano wa kuigwa kwa sababu mwenye ardhi anapata chake. Upande wenu kuna Burunge, jumuiya ya vijiji ya kuhifadhi wanyamapori, wewe unayeishi pale utuambie inawafikia vipi.

mkulima_kwakuchinja

Burunge ipo, hela za utalii zinaingia vijijini, tumeona madarasa. Ila darasa halijazi ghala la mtu mmoja mmoja aliyeliwa shamba. Wengine tumejaribu uzio wa kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, wengine wameweka mizinga ya nyuki, tembo anaogopa nyuki. Inasaidia kiasi. Asali nayo tunauza. Mkipita njia hii nunueni asali yetu badala ya kupita moja kwa moja mpaka getini.

dada_wa_pwani

Hilo la asali nimelichukua. Sasa mleta uzi nisaidie mambo ya mwisho, nimeamua mwezi wa tisa. Nikienda kwa kampuni nimwambie nini dereva ili asinipeleke mbio mbio, na nibebe nini?

Mleta uzi

Vizuri sana dada, mwezi wa tisa umechagua kipindi chenyewe. Ongea na dereva kabla ya kulipa, sio mkishafika ndani. Mwambie wazi kwamba hamhitaji kuona wanyama wote, mnataka kuingia geti likifunguliwa, asubuhi mzunguke mtoni taratibu mkitafuta simba, jua likipanda mkae mahali tembo wanaposhuka kunywa, kati ya saa nne na saa nane ndo wanakuja kwa wingi. Madereva wengi wa Arusha wanazijua hizo sehemu vizuri kuliko mimi, wanakimbia kwa sababu wageni wanawashinikiza. Ukimwambia hivo utaona uso wake unabadilika, atakupeleka sehemu anazozipenda mwenyewe. Na mwendo usizidi kilometa 50 kwa saa, mkizidi mwambie.

Darubini ni muhimu kuliko kamera, hata moja ya kuazima, na watoto wapewe zamu. Simu haiwezi kumvuta mnyama wa mbali, ukijaribu unapata ukungu, bora upige eneo lote mto na wanyama pamoja. Maji ya kutosha, kofia, nguo nzito ya asubuhi maana gari ikiwa wazi kunakuwa na baridi, na kitambaa cha kuziba pua, vumbi la mwezi wa tisa sio la kawaida. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu acheni nyumbani, ilipigwa marufuku nchi nzima 2019. Kitambulisho cha taifa usisahau, kiingilio cha Mtanzania ni shilingi na kipo chini sana ukilinganisha na cha mgeni, na unalipia kwa namba ya malipo sio pesa mkononi, kwahiyo uwe na salio kwenye simu kabla hujafika.

Na kama unaweza kulala usiku mmoja karibu na hifadhi, lala. Kutoka Arusha na kurudi siku hiyo hiyo inawezekana ila masaa mazuri ya asubuhi mnayamalizia barabarani.

mchimba_chumvi

Mkuu bado nasema kuzunguka ni muhimu, ila hilo shimo la tembo sijawahi kuliona na mimi nimepita pale mtoni zaidi ya mara moja. Linaonekana upande gani?

Mleta uzi

Sehemu zinabadilika kila mwaka kutegemea mto ulivyokauka. Angalia pale mto unapokuwa mpana na mchanga mweupe hauna maji juu, tafuta mashimo yenye vinyesi vibichi pembeni na mchanga wenye unyevu bado haujapauka. Hayo yanatumika. Simama mbali kidogo upande ambao upepo hautoki kwako kwenda kwao, kuanzia saa nne.